Buku Tu au Buku Mbili?

"Shkmoo bb. Nko Dom 2, cjala toka asbh. Ntm buku 2 bac."

Tuseme ujumbe huu umeingia jioni kwenye simu ya mzee wa miaka sabini na ushee kule Mvumi, wilayani Chamwino, na aliyeuandika ni mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Mzee anavaa miwani, anaisogeza simu kwenye mwanga, anasoma kwa sauti kama alivyofundishwa kusoma. "Shkmoo" anaimudu. "Bb" anaichukulia kuwa ni yeye, babu, ingawa simu hiyo bibi naye huitumia na herufi hizo zinawatosha wote wawili. "Dom" kila mtu anaijua. "Nko Dom 2" inamsimamisha, maana Dodoma ni moja. Anairudia mara mbili tatu mpaka ulimi wenyewe unamwambia: niko Dom tu. Anashuka mstari wa pili na ushindi huo mkononi, anavuka "cjala" kwa kubahatisha, kisha anakwama. Buku ni elfu moja, hilo makondakta walishamfundisha. Lakini ni buku tu au buku mbili?

Anatuma elfu mbili. Mjukuu alitaka elfu moja, na sijawahi kusikia mjukuu aliyerudisha chenji ya namna hiyo.

Kwa kawaida kisa kama hiki huishia kwenye kicheko, na kicheko humwelemea mzee: hajui lugha ya simu, dunia imemwacha. Wanaomwonea huruma humtengenezea orodha ya vifupisho na maana zake, aibandike ukutani karibu na kalenda. Mimi nauona mkasa huu kwa namna nyingine. Mzee wetu amesoma karibu ujumbe wote. Sehemu moja tu imemshinda, na sehemu hiyo ingemshinda hata profesa wa isimu pale chuoni, kwa sababu jibu halimo katika maandishi. Limebaki kichwani mwa mwandishi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wazee wafundishwe nini, tungeuliza kwanza wanajua nini tayari. Wanajua mengi kuliko wajukuu wanavyodhani.

Chukua ile "cjala". Mzee aliyesomea herufi zetu, a-be-che-de, hawezi kuipata akiisoma kwa Kiswahili, kwa sababu katika tahajia yetu "c" haisimami peke yake. Hutembea na "h" pembeni. Kijana ameiazima kwa jina lake la Kiingereza, "si", akaipachika mahali pa kikanushi. Cjala, cjui, cna, cyo. Ukishakijua kitu hicho kimoja umeshasoma nusu ya ujumbe wa vijana. Na mzee wa Dodoma anakijua tangu zamani. Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, na tangu siku hiyo hakuna aliyekiita "che-che-me". Watu wote, waliosoma na wasiosoma, walisema sisiemu. Hapa mjini tulikuwa pia na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ikavunjwa Mei 2017. Kwa zaidi ya miaka arobaini, mtu aliyetaka kiwanja, kibali au hata kujua kama nyumba yake itabomolewa, alikwenda "sidiei". Bibi wa Chang'ombe ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la Kiingereza aliitamka bila kujikwaa. Mwambie tu kwamba c ya "cjui" ni ile ile c ya CDA, halafu mpishe asome.

Namba 2 ni hivyo hivyo. Inasomwa "tu" kama anayejaribu kipaza sauti mkutanoni: wan, tu, wan, tu. Kiswahili ni lugha iliyojaa "tu" kuliko nyingi: tu ya sisi, tu ya peke yake, tu ya mtu, kitu, watu, viatu, ya kutua na kutuma. Ndiyo maana tarakimu hii imezaa kama sungura. M2, ki2, wa2, 2taonana, 2me2lia. Tisa nayo huitwa "nain", ndiyo iliyomo kwenye "gud 9t", usiku mwema. Mzee akizisoma tarakimu hizi kwa Kiswahili, m2 inakuwa "mmbili", neno lisilo na mama wala baba.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Watu wa Thailand huandika 555 wanapocheka, kwa sababu tano kwao hutamkwa "ha". Wafaransa huandika "koi 2 9" kuulizana habari, na wanasoma tarakimu hizo kwa Kifaransa. Waarabu walipokosa herufi zao kwenye simu za zamani waliweka 3 mahali pa ayn, kwa sababu maumbo yanafanana. Kila mmoja amechukua kilichomo nyumbani kwake. Sisi, katika nchi inayojivunia Kiswahili mbele ya bara zima, tumefupisha Kiswahili kwa majina ya Kiingereza, kiasi kwamba mtu anayejua Kiswahili peke yake hawezi kusoma Kiswahili kilichoandikwa na mjukuu wake. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nane ina silabi mbili, na mbili nayo ina mbili; majina ya tarakimu zetu ni marefu mno kuweza kukatia maneno.

Lakini kwa nini kukata? Wazee wengi hudhani ni uvivu, na wengine huona ni dharau. Chanzo chake ni kodi mbili, ya nafasi na ya vidole.

Kodi ya nafasi iliwekwa Ulaya. Katikati ya miaka ya 1980 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakitunga viwango vya simu za mkononi, alifikia uamuzi kwamba herufi 160 zinamtosha mtu kusema jambo lake. Ujumbe wa kwanza kabisa ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa salamu fupi ya Krismasi. Herufi 160 huenda zinawatosha watu wenye maneno mafupi. Kiswahili hubandika nafsi, wakati, rejeshi, mtendwa na mzizi katika neno moja. "Nitakapokutembelea" peke yake linameza herufi 18. Simu za mkononi zilipoanza kusambaa kwetu, hasa baada ya mwaka 2000, kila ujumbe ulilipiwa, na ukivuka mpaka ule unalipia wa pili.

Kodi ya vidole inasahaulika zaidi, kwa kuwa vioo vya kugusa vimetufutia kumbukumbu. Kwenye simu ya vitufe, herufi s ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7. Uibonyeze mara nne. Herufi x ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9. "Sasa" ilitaka mibonyezo kumi, "xaxa" ilitaka sita. T na u zilikaa kitufe kimoja, namba 8, kwa hiyo kuandika "tu" ulibonyeza, ukasubiri sekunde, ukabonyeza tena. Tarakimu 2 uliipata kwa kukandamiza kitufe mara moja tu. Sina shaka kwamba urembo nao ulichangia, kwani wasichana wa sekondari waliandika "xaxa mpnz" kwa mbwembwe ambazo hesabu peke yake haizielezi. Lakini ule ubishi kwamba x haina maana yoyote ungeyeyuka kama tungekumbuka vidole vilivyochoka.

Wazee wanaijua kodi hii kwa jina lingine. Waliotuma simu ya maandishi enzi za Shirika la Posta na Simu walilipia kwa neno. Ulisimama kaunta, karani akahesabu, ukarudi nyuma ukafuta "mpendwa", ukafuta "tafadhali", ikabaki BABA MGONJWA NJOO UPESI. Hakuna aliyemwita mtu aliyeandika hivyo mhuni. Wazee hao hao ndio walioishi katikati ya msitu wa vifupisho: TANU, JKT, RTC, NMC, TAZARA, na KAMATA, ambalo lilikuwa shirika la mabasi. Mpango wa elimu kwa wote uliokuja baada ya Azimio la Musoma la 1974 uliitwa UPE kwa herufi za Kiingereza, na haukukaa sana kabla watani hawajausomea upya kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Kizazi kilichoweza kuigeuza herufi ya serikali ikawa mzaha hakihitaji kufundishwa ufupisho ni nini. Wakaja na kubipu, simu moja ya kukatwa ikimaanisha nimefika na mbili zikimaanisha nipigie, mawasiliano yasiyo na neno hata moja. Na leo hii mzee huyo anayesemekana hawezi "mambo ya vifupisho" anaikumbuka *150*00# na namba yake ya siri bila kuandika popote.

Niongeze moja la mbali: kifupisho OMG, kinachoonekana kama mali ya mabinti wenye simu za bei mbaya, kimo katika barua ya tarehe 9 Septemba 1917 iliyoandikwa na John Fisher, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, kwenda kwa Winston Churchill. Fisher alikuwa na miaka 76.

Turudi kwenye ugumu wa kweli. Upo, na umejificha kwenye irabu.

Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, ukiacha m na n zinazojitegemea. Ukiondoa irabu kwenye Kiingereza unabaki na gofu la neno lenye konsonanti nyingi, na msomaji hulitambua. Ukiziondoa kwenye neno letu lenye silabi mbili unabaki na herufi mbili, basi. "Mm" ni mimi. "Ww" ni wewe. "Yy" ni yeye. "Ss" ni sisi, labda sasa. Na "bb" ni baba, babu, bibi au, Mungu atusamehe, bebi. Hebu fikiria ujumbe unaosema "bb kazidiwa 2po hsptl", umefika Kongwa saa nne usiku kwa mtu ambaye baba, babu na bibi yake wote bado wako hai.

Wazee wa Kondoa waliosoma Kiarabu kwa maalimu wana faida hapa ambayo sijaona ikitajwa. Kiarabu cha kawaida huandikwa bila irabu fupi, na msomaji huzijaza mwenyewe kwa kuangalia sentensi. Aliyezoea hivyo hashtuki akikuta "hbr za asbh", anajaza. Lakini hata yeye hawezi kujaza palipo na njia tatu. "Ntm hela" inaweza kuwa nitume hela, nitumie hela, au nimetuma hela. Ya kwanza anaomba ruhusa, ya pili anaomba pesa, ya tatu anatoa taarifa kwamba mzigo umo njiani. Katika lugha ambayo kiambishi cha herufi moja hubeba nafsi na kingine hubeba wakati, kukata herufi moja ni kumwondoa mtu mzima kwenye sentensi. Vijana wenyewe kwa wenyewe hawapotei sana kwa sababu wanajibizana papo kwa hapo, mara ishirini kwa dakika. Swali likikosewa hurudi. Mzee husoma ujumbe mara moja, kesho yake, mtandao ukiwa umerudi.

Misimu ya mtandaoni ni habari nyingine, ingawa watu huichanganya na vifupisho. Kifupisho ni neno unalolijua lililonyolewa. Msimu ni neno unalolijua lililobadilisha kabila. Kinachomchanganya mzee ni kwamba haoni kitu kigeni: anaona chawa, mkeka, mwamba, vyuma, na vingi kati ya hivyo vimo nyumbani kwake. Mkeka sasa ni karatasi ya kubeti au orodha ya uteuzi. Mwamba ni mtu anayestahili heshima. Vyuma vikikaza, pesa hazipatikani. Mikopo ya kausha damu ni mikopo ya riba ya kinyama, na hilo ni neno ambalo mama muuza mboga wa Soko la Majengo hakulijulia kwenye simu kwanza. Alilijua kwa mwili wake.

Chawa ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi vizazi viwili vinavyoweza kukaa juu ya wazo moja bila kujuana. Chawa wa mtandaoni ni mtu anayeishi kwa kumsifia mwenye pesa au mwenye cheo, analipwa au anatarajia kulipwa. Kijana akimweleza babu maana hiyo, babu atacheka na kusema sisi tulikuwa na kupe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kupe alikuwa mnyonyaji, na mirija ilikuwa ya kukatwa. Wote wawili hula damu ya mwingine. Ila kupe alikaa juu ya mgongo wa maskini, wakati chawa amehamia kichwani kwa tajiri, naye tajiri anamfuga kwa hiari yake. Ukitaka kujua nini kimebadilika katika siasa za nchi hii kwa nusu karne, wadudu hao wawili wanaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi. Na mzee ndiye mwenye nusu ya maelezo.

Wazee walikuwa na misimu yao tangu hapo. Wabenzi walikuwa wakubwa wenye magari ya Mercedes. Walanguzi walitikisa nchi mwaka 1983. Daladala, ambalo leo limo kwenye kamusi, kwa maelezo yanayokubalika zaidi lilitokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano, nauli ya mabasi ya watu binafsi miaka ile. "Mambo vipi" na "poa" zilikuwa lugha ya wahuni miaka ya 1990; sasa zinasemwa na wazee wa kanisa. Watafiti Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walipokusanya lugha ya mitaani ya Tanzania na kuichapisha mwaka 2006, waliokota maneno ambayo leo kijana wa miaka kumi na tisa angeyaona ya kizamani. Ndiyo sababu siamini katika orodha ya ukutani. Wino wake ukikauka, nusu ya maneno yameshastaafu.

Dodoma imelipokea wimbi hili kwa ghafla kuliko miji mingi. Kwa miongo minne mji ulikuwa makao makuu kwa jina na Bunge kwa msimu. Kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Ukaja mwaka 2016, serikali ikaanza kuhamia kweli kweli. Mwaka 2018 mji ukawa jiji. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuwaleta watu kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa tatu na kitu. Mzee wa Kigogo aliyejenga vyumba vya kupangisha Ipagala au Nkuhungu amejikuta na watoto wa Sinza na Mbagala uani kwake, wanaomwandikia kuhusu kodi na umeme kwa lugha iliyotoka Pwani wiki iliyopita. Yeye mwenyewe alijifunza Kiswahili shuleni, nyumbani kwake watu walisalimiana "mbukwenyi". Kwa hiyo ujumbe wa mpangaji hupitia tafsiri mbili. Hata jina la lugha yake halijasalimika: magazeti yanaposema vigogo wamehojiwa, hayana maana ya ndugu zake. Nimesikia utani huo ukirudiwa vijiweni Jamatini mpaka umechoka, lakini hauishi.

Wala mstari kati ya lugha rasmi na ya mtaani haujanyooka kama tunavyopenda kuuchora. Wanamuziki wa kizazi kipya wamekaa bungeni hapa hapa, Sugu na Professor Jay miongoni mwao, na mwaka 2023 Hamis Mwinjuma, aliyefahamika kama MwanaFA, aliteuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Baraza hilo, lililoundwa mwaka 1967, limetuletea nywila, kishikwambi na barua pepe. Kwa mzee wa Bahi, "nywila" na "chawa" ni wageni sawa. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana barua ya utambulisho.

Sasa heshima, ambayo ndiyo kidonda. Nimewasikiliza wazee wengi wakilalamika, na malalamiko yao yakichunguzwa hayahusu maana ya maneno. Wanaelewa walichoandikiwa. Kinachowauma ni kuandikiwa hivyo.

Mzee hupokea ujumbe kama barua. Barua aliyofundishwa ilikuwa na mlango, sebule na chumba cha ndani: salamu, kujuliana hali, natumaini u mzima wa afya, kisha dhumuni la barua hii. Kijana huandika ujumbe kama maongezi, na katika maongezi huwezi kusema "natumaini u mzima" kila baada ya sekunde arobaini. Yeye anaona ameendelea na mazungumzo ya jana. Mzee anaona mtu ameingia ndani bila hodi. Jibu la "k" kwa kijana ni kutikisa kichwa. Kwa mzee ni mtu kutema mate pembeni. Alama mbili za bluu zilizokuja WhatsApp mwaka 2014 zimeongeza moto, kwa sababu sasa mzee anajua kwamba amesomwa, na hajajibiwa. Nazo zile sura za manjano: inayotokwa machozi ya kicheko imeshatumwa kwenye misiba mingi na wazee waliodhani inalia. Hawako peke yao. David Cameron, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa LOL akiamini ni "upendo mwingi", mpaka mwandikiwa alipomweleza kuwa ni kucheka. Jambo hilo lilisemwa hadharani mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 2012.

Je, "shkmoo" ni utovu wa adabu? Nimebadili mawazo yangu kuhusu hili. Kwa maelezo tuliyorithi, shikamoo yenyewe ni kifupisho, nashika miguu yako iliyokatwa na karne za vinywa vyenye haraka. Sijambo ni sina jambo. Adabu haikupotea pale, ilihamia kwenye kitendo cha kuanza kusalimu. Kwa hiyo mjukuu aliyeandika "shkmoo bb" kabla ya kuomba amefanya lililompasa, na mzee anayekasirikia irabu mbili anadai riba. Ila "skm" sitaitetea. Mkato huo unafanana mno na namba ya gari.

Hatari iko kwingine kabisa, na wanaoandika kuhusu wazee na simu huipita wakikimbilia kwenye vichekesho. Ujumbe uliowaumiza wazee wengi zaidi nchini hauna kifupisho hata kimoja. Kila Mtanzania ameupata: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Utazame kama mwalimu wa sarufi. Hakuna salamu, hakuna jina la mtumaji, hakuna kiasi. Kazi yote inafanywa na neno "ile", linalomwambia msomaji kwamba kuna hela mnayoijua wawili nyinyi. Mzee mwenye watoto sita ana "ile" zaidi ya moja: ada, mchango wa harusi, mbegu, hela ya dawa. Na kwa kuwa wajukuu wamemzoesha ujumbe usio na salamu wala jina, ukavu huo haumshtui. Tapeli anavuna shamba lililolimwa na watoto wetu. Usajili wa laini kwa alama za vidole uliokamilishwa Januari 2020 haujawamaliza, ingawa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetoa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo, na kwa *106# mtu anaweza kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mzee mmoja akijua mambo hayo mawili amepata faida kuliko kukariri maana ya BRB.

Katika suala hili siwezi kukaa katikati. Mzigo wa kufahamika ni wa anayeandika, hasa anapoandika juu ya pesa, ugonjwa na majina ya watu. Mjukuu afupishe atakavyo anapotania, lakini "bibi Agnes kazidiwa" aiandike nzima na "elfu moja" aiandike kwa herufi, kwani bando la siku hizi lina ujumbe mwingi kuliko atakaoumaliza. Mzee naye hana haja ya kujifunza kuandika "xaxa". Inamtosha kusoma, na asipopata, auelekee mdomo badala ya jicho: asome kwa sauti, kwa kuwa mikato mingi imefuata matamshi. "Ntakuja", "nshakula", "skia" ndivyo tunavyosema sote. Wengine wameruka uzio huo wote na kuhamia kwenye ujumbe wa sauti. Wazee wasiopenda kuandika hubonyeza kile kipaza sauti na kuzungumza Kigogo au Kirangi dakika nne, salamu zote ndani, na safari hii mjukuu aliyekulia Dar es Salaam ndiye anayetafuta wa kumfasiria.

Jirani yangu hapa Area C ni karani mstaafu, aliyepiga taipureta ofisi za serikali miaka thelathini. Wiki mbili zilizopita mjukuu wake alimwandikia kutoka chuoni, ujumbe wa aina ile ile, pesa na tarakimu. Mzee hakulalamika. Akatuma pesa, kisha akakaa barazani akaandika jibu kwa mtindo anaoujua, akanionyesha kabla ya kulituma:

YAH: BUKU MBILI. Rejea ujumbe wako wa jana. Fedha imetumwa. Kumb. iko kwenye simu. Wako katika ujenzi wa taifa, Babu.

Baada ya dakika moja simu ikalia. Mjukuu alikuwa amejibu: "Asnt xana bb. Ila mbona umeanza na yah, ulikua unajibu nn?"